Zedi ya Dada Yangu

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine hulisema hilo kwa heshima. Mke wangu hulisema kama daktari anavyotaja ugonjwa. Yeye huondoka kwetu Mkuza, hapa Kibaha, alfajiri kwenda ofisini Dar, mimi nabaki na kuku wa mayai, matuta mawili ya mchicha na kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja nimeufunga waya. Kwenda Maili Moja kununua pumba kwangu ni safari. Nikirudi nakaa chini, naomba maji, nasimulia niliyoyaona.

Kwa hiyo dada yangu alipohitaji mwalimu ambaye hana hatari ya kukutwa ametoka, hakuhangaika kutafuta.

Dada amenizidi miaka kumi na mmoja. Amenibeba mgongoni, na nikibishana naye huniuliza kama nakumbuka nani alinifundisha kufunga kamba za viatu. Anafundisha darasa la tatu kijijini huko Kisarawe. Miaka minne iliyopita alijiandikisha kusoma digrii ya ualimu kwa masafa, akawa anasahihisha madaftari ya watoto jioni na kusoma ya kwake kabla hawajaamka. Masomo yote aliyamaliza isipokuwa takwimu. Takwimu alianguka, akarudia, akaanguka tena. Sasa alikuwa amebakiwa na marudio ya mwisho, na kituo chake cha mtihani kilikuwa hapa Kibaha. Akianguka na huu, chuo kinamwondoa. Wanafunzi wanaita kudisco, ila muziki haupigwi. Miaka minne inakwenda na maji. Kibaya zaidi, walimu wenzake walishaanza kumwita Madamu Digrii, na yeye, kwa kukosa pa kuanzia kuwakatalia, akawa anaitika.

Kuanguka kwake tulikuwa tunakujua watu watatu tu: yeye, mimi na mke wangu.

"Wewe si ulisoma hesabu kidato cha sita," akaniambia kwenye simu. "Utanifundisha."

Ni kweli nilisoma. Nilipata S, ambayo kwa mitihani yetu si kufaulu hasa wala si kuanguka hasa. Mwalimu wetu alikuwa akisema ni S ya samahani. Lakini mtu aliyekubeba akikuomba umfundishe, huanzi kumtajia S. Nikamwambia aje.

Aliomba ruhusa ya siku mbili kazini, akaziunganisha na Jumamosi na Jumapili. Alifika na mfuko wa mihogo, makaratasi ya chuo yaliyofungwa kwa utepe wa khanga, na kikokotoo ambacho mfano wake sikuwahi kuuona. Kilikuwa kirefu kama nusu ya sabuni ya mche, kina vitufe vya kutosha kuendeshea meli, na kioo kinachochora grafu. Aliachiwa na mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka nje aliyekuwa akifundisha sekondari ya jirani. Makaratasi ya chuo yaliandikwa kwa watu wenye mashine za namna hiyo, kiasi kwamba majedwali hayakuwekwa kabisa, na kwenye mtihani waliruhusu kikokotoo chochote kisichopiga simu.

Siku ya kwanza sikukigusa. Nilimwambia dada kwamba mwalimu mzuri huanza na vitu halisi. Ukweli ni kwamba sikujua kinawashwaje.

Nikaleta trei tatu za mayai na mizani ya mke wangu ya kupimia unga wa keki. Tukatandika mkeka barazani, tukapima yai mojamoja. Yenye uzito mdogo tukayapanga kushoto, mazito kulia, yenye uzito sawa yakawa safu moja, yai juu ya yai kuelekea ukutani. Ilipofika mchana palikuwa na mlima umelala kwenye mkeka: mayai machache kushoto, mengi yamesongamana katikati, machache tena kulia.

"Huu ndio mkunjo wa kawaida," nikasema, mikono kiunoni, kama vile nimeutaga mimi.

Dada akauzunguka mlima akiuangalia. Akauliza kawaida kwa nani. Nikamjibu kwamba kawaida hapa si sifa wala si tusi. Ni kusema tu kwamba wengi hukaa katikati na wachache pembeni, iwe mayai, iwe urefu wa watu, iwe alama za mtihani. Nikamwonyesha wastani, pale mlima ulipo mrefu. Nikamweleza mkengeuko sanifu.

"Mkengeuko? Hilo si neno la mahubiri?"

Nikamwambia hapa hakuna aliyetenda dhambi. Mkengeuko ni urefu wa hatua moja tu, hatua ya kawaida ya yai kutoka katikati. Na zedi ni hesabu ya hatua hizo: yai hili limesimama hatua ngapi kutoka kwenye wastani? Likiwa kulia zedi yake ni chanya, likiwa kushoto ni hasi. Chukua uzito wake, toa wastani, gawanya kwa urefu wa hatua, basi.

Alielewa upesi mno, nikaingiwa na hofu, maana nilichokuwa nakijua kilikuwa kinakaribia kwisha. Akaokota yai dogo la mwisho kabisa kushoto, lile linalotagwa na mtetea anayejifunza kazi, akalipima kwenye kiganja.

"Huyu atakuwa hasi mbili na kitu," akasema. "Masikini."

Mke wangu aliporudi jioni alikuta mlima bado umelala kwenye mkeka wake. Hakuuliza. Aliokota mayai mawili kila ncha, akaenda kuyakaanga, akisema ya kawaida tubaki nayo.

Siku ya pili ilikuwa ya mashine. Baada ya nusu saa nilipata kitufe cha kuwashia, na dada kwa adabu akajifanya hakuona kwamba alikuwa amekinyooshea kidole tangu mwanzo. Tukafuata makaratasi. Ukitaka kujua ni wangapi wamezidi hatua moja na nusu kulia, unaingia kwenye orodha ya usambazaji, unaiambia mashine ianzie moja nukta tano, iishie mbali kabisa, yaani tisini na tisa. Ikatoa jibu: karibu saba kati ya mia. Halafu ikachora mlima wetu kwenye kioo na kuupaka wino mkiani. Nilifurahi nikaagiza chai kwa sauti, nikasahau kwamba mpika chai wa mchana ni mimi.

Upande wa kushoto ndiko kulikotokea mambo. Huko unaianzishia mashine mbali, hasi tisini na tisa, uje mpaka unapotaka. Nikabonyeza kistari, nikabonyeza tisini na tisa, nikamaliza kama inavyotakiwa. Kioo kikaandika kuna kosa. Nikarudia. Kosa. Nikasema betri zimechoka, nikachomoa za rimoti ya televisheni. Kosa. Nikasema ni joto, tukaingia ndani. Nikasema waliotengeneza huenda hawakufikiria unyevunyevu wa Pwani.

"Hata mimi hunifanyia hivyohivyo," dada akasema taratibu. "Kushoto haipendi."

Nililisikia hilo, nikaliacha lipite. Mwalimu mwenye S ya samahani hapendi mwanafunzi amwonyeshe mahali pa kuchimba.

Kwetu tunataniana. Ndivyo tulivyolelewa, mtu akikaa siku mbili bila kutaniwa huanza kujiuliza amekosa nini. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi niliona nitie uhai kwenye somo. Nikamwomba alama zake za mtihani uliopita. Akanitajia: thelathini na moja. Mkufunzi wao alikuwa ameweka kwenye kundi lao la wasapu wastani wa darasa, arobaini na sita, na mkengeuko, kumi na mbili. Nikaandika kwenye karatasi, nikatoa, nikagawanya. Hasi moja na robo.

"Dada," nikasema, "wewe ndiye lile yai dogo."

Akacheka, kicheko kifupi cha mtu anayemlipia mwenzake nauli. Ningeishia hapo. Lakini nikataka kumwonyesha kwamba hata hivyo kuna watu aliowashinda, maana hesabu ingetoa wapo, na nia yangu, naapa, ilikuwa njema. Nikachukua mashine, nikabonyeza kuanzia hasi tisini na tisa hadi hasi moja na robo. Kosa.

"Unaona? Hata mashine imekataa kukupokea."

 Dada alifunga makaratasi yake kwa ule utepe, akasema kuku hawana maji. Nikaenda kuwapa maji nikiwa nimeridhika kabisa na utani wangu. Niliporudi alikuwa amesimama mlangoni, begi begani.

"Miaka ishirini na miwili nafundisha watoto wa watu," akasema. "Sijawahi kumwambia hata mmoja maneno hayo."

Akaenda zake barabarani. Mashine ikabaki juu ya meza, na Jumapili yake ilikuwa bado haijatumika.

Mke wangu nilimsimulia kwa kupunguza makali, nikaweka utani mbele na mlango nyuma. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema Jumatatu niende Kisarawe. Nikamwambia siku hizi kuna simu. Akaniangalia hivi. Nikaenda kutafuta shati.

Safari naifupisha: unatoka Kibaha, unaingia Dar kusikokuhusu, unatoka tena Dar, unapanda vilima vya Kisarawe, na mimi kila sehemu nilipata kiti cha upande wa jua. Kutoka mjini Kisarawe nikachukua bodaboda, tukapita mikorosho na mashamba ya mihogo mpaka shuleni. Ilikuwa saa nne kasoro. Dada alikuwa darasani. Aliponiona dirishani hakushangaa wala hakutabasamu. Alinionyesha kwa chaki nafasi nyuma, kwenye dawati la mwisho, magoti yangu yakafika karibu na masikio.

Watoto wote wakasimama wakanisalimu kwa pamoja. Walidhani ni mkaguzi. Dada akawaambia wakae, huyu ni mdogo wake, hana kazi.

Walikuwa kwenye somo la kutoa. Kila mtoto alikuwa na lundo la vizibo vya soda mbele yake. Dada alikuwa ameandika hesabu upande mmoja wa ubao, akamwita binti mmoja mwenye sweta la kijani aje aandike ya kwake upande wa pili. Binti akaandika vizuri sana, kwa mwandiko wa kunyooka, lakini aliruka namba ya kwanza. Akaandika kistari, tatu, sawasawa na, halafu akasimama na chaki hewani, akingoja jibu limjie.

Darasa likaanza kucheka. Dada akainua kidole, likanyamaza. Hakumwambia amekosea. Alichuchumaa wakawa sawa kwa kimo.

"Toa tatu kutoka wapi, mama?"

Binti akaangalia ubao.

"Kutoa ni kutoa mahali. Kwenye nane, kwenye kumi, kwenye lundo la mwenzako, hilo ni lako wewe kuamua. Kwenye hewa hutoi kitu. Nionyeshe, kutoka wapi?"

Binti akarudi kwenye lundo lake, akahesabu, akaja kuandika nane mbele ya kistari. Akapata tano, akaenda kukaa na shingo imenyooka.

Na mimi kwenye dawati langu la nyuma nilikuwa nimepoa kama uji. Maana ile mashine, siku mbili nzima, ilikuwa inaniuliza swali hilohilo. Nilikuwa nabonyeza kistari cha kutoa, halafu tisini na tisa, na yenyewe inasema: toa tisini na tisa kutoka wapi? Nami naijibu kwa kuibadilishia betri.

Kengele ya mapumziko ilipogongwa watoto wakamwagika nje. Nikaitoa mashine mfukoni. Dada aliendelea kukusanya vizibo kwenye kopo, hanitazami.

"Dada, nilikosea."

"Ulikosea wapi? Kwenye mashine au kwangu?"

"Kote."

"Kaandike kote kwenye ubao mara ishirini."

Nilisimama niende kweli. Akaniacha nifike ubaoni na kuandika mara nne ndipo akaniambia nirudi, naharibu chaki ya serikali.

Nikamweleza. Ubaoni kistari ni kistari, cha kutoa na cha hasi tunakiandika sawasawa, na mtu anajua kwa kusoma. Lakini mashine haijui kusoma, inajua kitufe. Basi lazima hasi iwe na kitufe chake. Tukainamisha vichwa vyote viwili juu ya kile kidude, na alikuwa yeye aliyekiona: chini kabisa, pembeni mwa kitufe cha kumalizia, kistari kifupi ndani ya mabano. Siku zote hizo nilidhani ni pambo.

"Hiki ni hasi," akasema. "Hiki hakitoi kwa mtu. Hiki kinasema tu uko wapi."

Akabonyeza mwenyewe, kwa kidole chenye chaki: hasi tisini na tisa, hasi moja na robo. Kioo kikatulia kidogo, kikaleta jibu. Zaidi kidogo ya kumi kati ya mia.

Aliiangalia namba hiyo kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo kuna watu niliwashinda," akasema.

Hapo ndipo nikakumbuka alichoniambia siku ya pili. Nikamuuliza, kwenye ile mitihani miwili, maswali ya upande wa kushoto alikuwa anayafanyaje.

Alikuwa anayaacha. Yote. Mara ya kwanza mashine ilipomkatalia alidhani anakosea yeye. Mara ya pili alidhani ndivyo somo lilivyo, kwamba walio chini ya wastani hawahesabiki, na likamuuma kwa sababu darasani kwake wengi ni hao. Hakumuuliza mtu. Mwalimu wa miaka ishirini na miwili hamuulizi mkufunzi aliyezaliwa juzi kwa nini kistari hakifanyi kazi.

Nikamwambia, "Dada, thelathini na moja yako uliipata kwa nusu ya karatasi."

Alikaa juu ya dawati. Nilidhani atalia, nikaanza kutafuta la kumtania, nikajizuia, na kwangu hiyo ni kazi kubwa kuliko safari. Hakulia. Alihesabu kwa vidole, polepole, maswali ya kulia na ya kushoto, kisha akaniambia nitoe mfano mwingine haraka, mapumziko ni dakika ishirini.

Siku tisa zilizobaki kabla ya mtihani tulifanya kwa simu. Yeye anatuma picha ya swali, mimi natuma jibu, na karibu kila mara yeye anarudisha jibu langu limesahihishwa kwa wino mwekundu. Ikafika mahali mwanafunzi nikawa mimi. Nilijua hivyo, naye alijua kwamba najua, hatukulisema.

Alikuja kulala kwetu siku moja kabla. Asubuhi ya mtihani mke wangu alimwombea, mimi nikahakikisha betri. Akatoka na mashine kwenye mkoba, akarudi saa nane mchana, akavua viatu, akala ugali wote na mchicha wote. Nikasubiri. Nikamsogezea maji ya kunawa.

"Kushoto nimejaza," akasema, akaenda kulala.

Majibu yalichukua wiki sita. Wiki ya tano niliacha kumuuliza, kwa sababu alikuwa ameanza kunijibu kama mtu anayefukuza nzi. Alishasema kwamba akianguka atawakusanya walimu wenzake wote ofisini na kuwaambia wamwite jina lake la zamani. Alikuwa amekwisha kuipanga hotuba, fupi, bila kulia.

Alipiga asubuhi moja nikiwa bandani natoa mbolea. Simu niliibana kwa bega. Upande wa pili nasikia watoto kwa mbali wanakimbizana na mtu anafagia.

"Dada?"

"Hamsini na nane," akasema.

Kufaulu ni arobaini. Hilo nililijua, lakini nilijikuta nahesabu, hamsini na nane toa arobaini, kama mtu aliyesahau kutoa, na beleshi nimeliegemea. Nikamwomba arudie namba. Akairudia. Nikamuuliza kama ameshawaambia ofisini. Akasema hapana, ofisini hawana habari kwamba kulikuwa na la kuambiwa. Watamwita Madamu Digrii kama walivyozoea, ila leo ataitika kwa sauti.

 Halafu akasema, taratibu kabisa, bila hata chembe ya utani:

"Shikamoo, mwalimu."

Mkubwa hamwamkii mdogo. Nilisimama katikati ya kuku. Kuitikia ni utovu wa adabu, na kutoitikia ni utovu mwingine.

"Itikia basi," akasema, "vocha inaisha."

Nikaitikia.